Wimbo Usio na Lugha

Muziki mwororo uliosikika mara nyingi kuliko mwingine wowote katika redio ya Kenya haukutoka Los Angeles wala Kinshasa. Ulitoka kingo za Mto Tana. Ulikuwa wimbo wa kina mama wa Kipokomo wa kubembeleza watoto. Mwaka 1963 tume ya watu watano ikauchukua, ikautia maneno mapya, ukawa wimbo wa taifa. Watano hao ni Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi; na anayetajwa kuwa ndiye aliyewapa tuni yenyewe ni Mzee Meza Galana, Mpokomo wa Tana River. Kwa miaka mingi Sauti ya Kenya ilifungua matangazo kwa tuni hiyo alfajiri na kuyafunga kwa tuni hiyo usiku. Wimbo uliotungwa ili mtu alale ndio uliokuja kuwasimamisha Wakenya wima, mikono ubavuni.

Uchina wanacho kisa kinachofanana na hiki. Kenny G, mpiga saksafoni wa Marekani, alitoa kibao chake "Going Home" mwaka 1989. Huko Uchina kikageuka kuwa ishara ya kufunga: madukani, shuleni, kwenye vituo vya treni, saksafoni ile ikianza kulia watu hukusanya mikoba yao na kuondoka. Hakuna neno hata moja ndani yake, na bado kila mtu anaelewa ameambiwa nini.

Watu wa redio hupenda kusema muziki huu ni laini na ule ni mgumu, kana kwamba ulaini ni sifa ya sauti yenyewe. Mimi sikubali. Tuni ya Tana ilikuwa ile ile mdomoni mwa mama na kwenye matarumbeta ya bendi ya jeshi. Kilichobadilika ni kile ambacho msikilizaji anatakiwa afanye anapoisikia. Na ukitaka kujua kwa nini vituo vingi duniani vilihama kutoka saksafoni kwenda kwenye nyimbo nyororo za waimbaji, swali la kwanza ni hilo: msikilizaji alikuwa akifanya nini wakati muziki unapigwa, na nani alikuwa akimhesabu?

Waliohesabu kwa makini kuliko wote ni Wamarekani. Tarehe 14 Februari 1987, jijini Los Angeles, kituo cha rock kilichoitwa KMET kilizimwa na masafa yake ya 94.7 yakachukuliwa na kituo kipya kilichojiita The Wave. Mwanzoni hakikuwa hata na watangazaji wa kuzungumza kati ya nyimbo. Kilipiga ala tupu: saksafoni, kinanda, gitaa lisilokaripia mtu. Baadaye mtindo huo ukapewa jina, smooth jazz, nasi hapa tuuite jazi laini. Kampuni ya ushauri ya Broadcast Architecture ndiyo iliyoueneza mji kwa mji. Walichokifanya ni kuwakalisha wasikilizaji chumbani, kila mmoja na kitufe cha kuzungusha mkononi: ukipenda unazungusha juu, usipopenda unateremsha. Wimbo ambao wengi waliuteremsha ulitupwa. Wapiga jazi wa kweli walilalamika kwamba mchujo wa namna hiyo hubakiza tu kile kisichomuudhi mtu yeyote, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini fedha ziliingia. Miaka ya 1990 hukukosa kituo cha aina hiyo katika miji mikubwa ya Marekani.

Kisha njia ya kuhesabu ikabadilika. Zamani kampuni ya Arbitron iliwapa watu daftari la kuandika walichosikiliza wiki nzima. Mwenye daftari huandika anachokumbuka, na zaidi ya hapo huandika anachotaka kuonekana anakipenda. Mwalimu mstaafu anayejiona mtu wa jazi ataandika kituo cha jazi, hata kama Jumanne nzima redio ilikuwa kwenye mpira. Mwaka 2007 Arbitron ikaanza kutumia kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni, Philadelphia na Houston zikiwa miji ya kwanza. Kifaa hicho husikiliza chenyewe. Kila kituo huficha ndani ya sauti yake alama isiyosikika kwa sikio la mtu, kifaa kikaidaka na kuandika. Kumbukumbu na fahari zikaondolewa katika hesabu, na vituo vya jazi laini vikaporomoka.

Sehemu ya kisa hiki inayonivutia zaidi ni ya kiufundi. Alama ile iliyofichwa inahitaji sauti nzito ya kujifichia: ngoma, magitaa, mtu anayepayuka. Muziki wenye nafasi nyingi tupu, saksafoni moja inayopumua juu ya kinanda cha mbali, hauna kichaka cha kutosha. Watu wengi wa kazi hiyo walidai, na ubishi huo ulidumu miaka, kwamba kifaa kiliwakosa baadhi ya wasikilizaji kwa sababu tu muziki wenyewe ulikuwa kimya mno. Yaani ulihukumiwa kwa ulaini wake mara mbili: mara ya kwanza na mtu aliyeusahau ukiwa unapigwa, mara ya pili na mashine isiyousikia.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. New York, kituo cha CD101.9 kiliacha jazi laini Februari 2008 na kugeukia rock. Chicago, WNUA kikahamia lugha ya Kihispania Mei 2009. Los Angeles kwenyewe, The Wave hakikuzimwa. Kilifanya jambo la ujanja zaidi. Kufikia mwaka 2010 kilikuwa kimeondoa neno jazi katika matangazo yake na kuanza kupiga kwa wingi nyimbo za waimbaji, soul na mapenzi ya polepole ya miaka iliyopita, muziki wa mtu mzima aliyetoka kazini na asiyetaka makelele. Saksafoni ikabaki kama kitoweo. Watangazaji wa biashara wa Marekani hulipia zaidi masikio ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 54, na wapenzi wa ala tupu walikuwa wanazidi kuvuka umri huo. Mtu akisikia sauti ya mwimbaji anayemfahamu hubaki. Akisikia ala asiyoijua huendelea kukatakata vitunguu vyake, na kesho hakumbuki kama redio iliwashwa.

Nairobi mambo hayo yalifika kwa sura yake. Capital FM ilianza kurusha matangazo mwaka 1996, baada ya serikali kulegeza mkono uliokuwa umeishika redio tangu kuundwa kwa Sauti ya Kenya mwaka 1964, na kwa miaka mingi ilikuwa na kipindi cha jazi cha kupunga upepo mwisho wa juma. Nation FM ilizinduliwa mwaka 1999, ikabadilishwa ikawa Easy FM, jina linaloeleza nia yake bila tafsiri, ikarudishwa kuwa Nation FM, na mwaka 2016 ikafungwa. X FM, kituo cha wapenda rock, kilizimwa na masafa yake yakapewa Smooth FM. Sina mengi ya kusema juu ya haya. Ni vituo vya mji mmoja vikigombania dereva yule yule aliyekwama kwenye foleni ya Waiyaki Way. Anayetaka kuona jinsi ulaini unavyofanya kazi pasipo foleni na pasipo vifaa vya kiunoni, aende Pwani, kisha apande kaskazini.

Saksafoni ilikuwa Pwani kitambo, na haikuletwa na Kenny G. Mzee Joseph Ngala wa Freretown, Mombasa, ndiye anayeitwa baba wa bango, na bango ni muziki unaoongozwa na saksafoni. Freretown ni mji wa watumwa walioachiwa huru, uliojengwa na wamishonari wa Kianglikana miaka ya 1870. Huko ndiko kwenye asili ya ukoo wa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye baba yake, James Mbotela, aliandika *Uhuru wa Watumwa*. Watu wa Freretown walijifunza tenzi za kanisani na ala za shaba, wakasikia taarabu ng'ambo ya maji, wakasikia ngoma za Wamijikenda nyuma ya nyumba, na santuri za Kilatini kutoka melini. Ukichanganya vyote hivyo katika mdundo wa taratibu unaomfaa bibi wa miaka 70 kucheza harusini bila kutoka jasho, unapata bango.

Sasa tazama Ngala alivyokuwa ameshatatua jambo ambalo The Wave ilikuja kuhangaika nalo. Katika bango saksafoni huanza, husema maneno yake yote pasipo maneno, kisha mwimbaji huingia na Kiswahili chepesi, habari ya ndoa, ya jirani, ya mwana mpotevu, na saksafoni humjibu. Ala na sauti hazigombanii nafasi. Ndiyo maana bango haikuhitaji kuhama. Hupigwa harusini, hupigwa matangani, hupigwa Pwani FM ya shirika la utangazaji la KBC kutoka Mombasa, na hakuna aliyewahi kukaa kikao cha kuamua kama ni jazi au si jazi.

Lakini masafa ya FM yana mwisho wake. Hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Huenda kadiri mnara unavyoona. Ukiondoka Malindi kwa basi kuelekea Garsen, safari ya zaidi ya kilomita 100, redio ya dereva huanza kukwaruza ukishapita Gongoni na Marereni. Kituo cha Mombasa kinaingia na kutoka, kingine kinachungulia, mara mahubiri, mara Kisomali. Dereva mwenye uzoefu hasumbuki na kitufe; huchomeka fleshi yake, na abiria wote wanasikiliza alichokichagua yeye hadi Garsen.

Garsen ipo mahali ambapo masikio hukutana. Kusini kuna Kiswahili cha Malindi na Mombasa. Mashariki, kupitia Witu, kuna Lamu. Kaskazini, kupitia Hola, kuna Garissa na matangazo ya Kisomali na Kiborana. Waorma wa bonde la Tana wanazungumza Kioromo, na Kiborana ni lahaja ya lugha hiyo hiyo, kwa hiyo mfugaji aliyeko nyuma ya Garsen humwelewa mtangazaji wa Kiborana aliye mbali kabisa, na huenda asimwelewe mwimbaji wa Kipokomo aliye kijiji cha pili. Kipokomo nacho ni Kibantu, ndugu wa karibu wa Kiswahili. Tena Wapokomo wa chini, wa Ngao na vijiji vyake, wengi ni Wakristo tangu siku za wamishonari wa Kijerumani, na Waorma ni Waislamu. Kaunti nzima ya Tana River ilihesabiwa watu 315,943 katika sensa ya 2019, idadi isiyofika hata ya baadhi ya kaunti ndogo za Nairobi.

Katika mahali kama hapo hakuna wimbo usio na mwenyewe. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa na zaidi ya watu 50 wakauawa. Mapigano ya Wapokomo na Waorma yakaendelea Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao hadi Desemba, na waliokufa wakazidi 100. Chanzo kilichotajwa ni cha kale: mkulima anataka shamba lake la ukingoni lisiguswe, mfugaji anataka malka, njia ya kuwafikisha ng'ombe majini wakati wa kiangazi. Siasa za kuelekea uchaguzi wa 2013 zikamwagwa juu yake. Wakenya walikuwa bado wanakumbuka yale ya mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi ambazo baadaye zilimfikisha mtangazaji wa redio ya lugha ya mama hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, kesi ambayo majaji waliivunja mwaka 2016. Kwa hiyo hofu ya redio ya lugha moja haikuwa hofu ya kubuni.

Jiweke katika kiti cha mtangazaji wa redio yoyote ya jamii Tana River, na saa kumi za jioni umebakiza dakika 40 za muziki. Ukipiga ngoma ya Wapokomo, kuna atakayesema studio ni yao. Ukipiga wimbo wa ng'ombe wa Kiorma, atasema wa upande wa pili. Kwaya ya Ngao ni nzuri mno, lakini ni kwaya. Kaswida ni nzuri mno, lakini ni kaswida. Kishawishi cha kukimbilia kitu laini, kisicho na lugha wala dini, kinakuwa kikubwa. Kitufe cha Broadcast Architecture kilimtafuta msikilizaji asiyeudhika kwa ajili ya biashara. Hapa unamtafuta kwa ajili ya usalama.

Hata hivyo nafikiri kishawishi hicho kina hasara yake. Muziki usiomuudhi mtu haumpi mtu sababu ya kupiga simu, na redio ya jamii huishi kwa simu. Kabla ya simu, redio iliishi kwa kadi za salamu. Vijana wa leo watashangaa kwamba watu wazima walinunua kadi, wakajipa majina ya kishujaa, wakaandika orodha ndefu ya jamaa na majirani na wimbo waupendao, wakatuma kwa posta na kungoja wiki kadhaa ili jina lisomwe na KBC. Huo ndio ulikuwa utafiti wetu wa wasikilizaji. Haukuhitaji kifaa cha kiunoni, na wimbo ulioombwa ulikuja na jina la aliyeuomba. Tena mtu aliposikia kwamba fulani wa kule ng'ambo ya mto anapenda wimbo ule ule anaoupenda yeye, alikuwa amepata habari ambayo hakuna mkutano wa amani uliowahi kumpa.

Na nyimbo zilizoombwa hivyo, ukiziangalia kwa jumla, ndizo muziki mwororo wa watu wazima wa huku kwetu: zilizopendwa. Fundi Konde, mwana wa Pwani aliyepitia jeshini na kufika Burma katika Vita Kuu ya Pili, alikuwa na gitaa na sauti iliyotulia kiasi kwamba leo angepokewa bila swali na kituo chochote cha nyimbo nyororo, angalau kwa sauti tu. Fadhili William yumo. Daudi Kabaka yumo. Nyimbo zao ni za Kiswahili, na katika Garsen Kiswahili ndicho kinachokaribia kuwa mali ya kila mtu pasipo kuwa mali ya mtu mmoja. Ongeza bango, ongeza taarabu kidogo, na mtangazaji wa saa kumi ana dakika zake 40 bila kujificha nyuma ya saksafoni ya Marekani. Kanuni za matangazo za Kenya zinadai kiasi fulani cha vipindi kiwe cha nyumbani. Redio ya namna hii huipita kanuni hiyo bila kujua.

Basi ala tupu haina kazi Garsen? Inayo, na inatokana na maji.

Juu ya Tana kuna mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga likijaa na kumwagika, kampuni ya umeme ya KenGen hutoa onyo kwa watu wa chini, Garissa na Tana River, na maji huchukua siku kadhaa kusafiri hadi kwenye delta. Siku hizo ndizo za kuhamisha mahindi, kuku na wazee. Mafuriko ya 2018 yaliwatoa maelfu vijijini. Mwishoni mwa 2023 barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika, na mwaka uliofuata maji yakarudi. Katika majuma kama hayo redio huwashwa asubuhi na kuachwa ikiwaka hadi betri ilalamike, na hakuna anayeiwasha kwa ajili ya muziki. Anangoja maneno: maji yamefika wapi, mashua iko wapi, nani ameonekana salama.

Maneno hayo hayaji kwa ratiba. Afisa anapiga simu katikati ya wimbo, chifu anapiga baada yake, na fundi wa studio lazima ateremshe muziki papo hapo, aache usikike kwa mbali chini ya sauti ya mtangazaji, kisha aupandishe tena. Kwa kazi hiyo hakuna kinachoishinda ala tupu. Kila studio ya redio ninayoijua ina faili la vipande hivyo, na saksafoni za jazi laini zimejaa humo, zile zile zilizofukuzwa New York na Chicago. Unaweza kuzikata popote na kuziendeleza popote. Jaribu kumkata Fundi Konde katikati ya ubeti kwa ajili ya tangazo la maji, na kabla tangazo halijaisha simu itakuwa inalia, mzee fulani wa kijiji cha Idsowe akisema kwa heshima zote kwamba maji ameyaona mwenyewe mlangoni, sasa wimbo wake mtaumalizia lini.